Unga wa Nyasi Zetu Wafika Mjini



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu aliingia ofisini kuuliza bei ya marobota ya nyasi. Alinikuta nimeshika leso, macho mekundu, napiga chafya moja baada ya nyingine. Akavuta kiti, akanitazama kwa huruma kidogo na dhihaka kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nimeishi na nyasi tangu utoto wangu, wala sijapiga chafya kwa ajili yake. Wewe mtu wa kalamu ndiye nyasi zakusumbua?"

Wananiita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu, ingawa nilifundisha miaka miwili tu kabla ya kupata kiti cha karani katika ofisi ya kilimo. Tulicheka sote wawili. Lakini mzee alipokwisha kwenda zake, niliona kwamba swali lake lastahili jibu refu kuliko nililompa, na kwamba jibu lenyewe lawahusu wakulima wote wenye malisho.

Kwanza, mzee hakukosea. Daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, jina lake Charles Blackley, alikuwa akipata ugonjwa huu wa chafya na macho kuwasha kila mwaka, akaazimia kujua chanzo chake. Alipaka vipande vya kioo kitu cha kunata, akaviweka nje upepo uvipige, kisha akahesabu chembe zilizonaswa. Hata alirusha tiara juu sana angani zikiwa zimebeba vioo vile, akaona kwamba chembe ziko huko juu pia. Mwaka 1873 alitoa kitabu chake, naye alionyesha kwamba chanzo ni chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi. Waingereza huuita ugonjwa huo kwa jina la homa ya nyasi kavu, jambo la ajabu maana hauna homa, wala hautoki katika nyasi kavu. Mimi nitauita mafua ya nyasi. Sasa, Blackley alishangazwa na jambo lile lile alilosema mzee wetu: wakulima, ambao hushinda katikati ya chavua, waliugua kidogo kuliko watu wa mjini. Na katika miaka yetu wataalamu waliochunguza watoto wa Bavaria, Austria na Uswisi wameona kwamba mtoto aliyekua karibu na zizi la ng'ombe hupata mafua ya nyasi mara chache kuliko mwenziwe asiyekua shambani.

Basi mzee alisema kweli juu ya kifua chake mwenyewe. Alipokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa yeye haugui, nyasi zake hazina neno na kifua cha mtu mwingine.

Mkulima aijua chavua vizuri, hata kama hakuwahi kulisikia neno hilo. Ni ule unga wa manjano unaodondoka kutoka kwa mbelewele za mahindi ukipita katikati ya mistari asubuhi. Chavua ya mahindi ni nzito, nayo sehemu kubwa huanguka karibu na shamba lenyewe. Chavua ya nyasi si hivyo. Chembe zake ni ndogo, kama 30 zikipangwa mstari mmoja zajaza milimita moja tu, na upepo huzichukua mbali. Nyasi hazina haja ya nyuki. Hazikupewa rangi wala harufu ya kumwita mdudu. Zimepewa upepo, na kwa kuwa upepo haujui njia, nyasi humwaga unga mwingi kupita kiasi ili walau chembe chache zifike zinakotakiwa. Nyingine zafika puani mwa watu.

Hapo nataka kuwapeleka mbali kidogo, hadi mji wa Melbourne katika Australia, maana huko ndiko jambo hili lilikoonekana wazi.

Kaskazini na magharibi ya mji ule kuna malisho makubwa ya ng'ombe na kondoo, na nyasi inayosifiwa huko ni raigrasi, iliyoletwa kutoka Ulaya. Wenzetu wa sehemu za juu zenye baridi waijua, kwa maana hata hapa Kenya imepandwa kwa ng'ombe wa maziwa. Ni nyasi nzuri na ng'ombe huipenda. Huko Melbourne huchanua katika masika yao, toka Oktoba hadi Desemba, na mvua ikinyesha vizuri kabla ya hapo, malisho hushamiri na chavua huwa nyingi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 21 Novemba 1916 ingekuwa historia ya kale. Lakini nasema 2016, juzi tu. Siku ile joto lilifika digrii 35, na upepo ulitoka kaskazini, upande wa malisho. Jioni, kadiri ya saa kumi na mbili, dhoruba ya radi ilipita juu ya mji. Upepo wa baridi ulitangulia mbele ya mvua, kama tuujuavyo hapa, ule unaofanya mama aite watoto na kukimbilia nguo zilizoanikwa. Joto likashuka ghafula. Muda si muda watu wakaanza kushindwa kupumua, maelfu kwa pamoja, katika mitaa mbalimbali. Katika saa 30 hospitali zilipokea wagonjwa wa kifua zaidi ya 3,300 kupita hesabu ya kawaida, na zaidi ya 470 kupita kawaida walilazwa kwa ajili ya pumu. Watu kumi walikufa.

Kumi si hesabu ya vita, najua. Lakini hawa walikuwa watu wazima walioamka salama asubuhi. Wengi wa wale waliofika hospitali hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu. Walijijua kuwa watu wa chafya tu, wa mafua ya nyasi. Na waliohamia huko kutoka Bara Hindi na Asia ya kusini-mashariki walikuwa wengi miongoni mwao kuliko ilivyotarajiwa. Mwenye mtoto aliyekwenda nchi za ng'ambo kusoma au kufanya kazi na ayaweke hayo moyoni.

Yawezekanaje unga wa nyasi kufanya hivyo? Kwa desturi chembe nzima ya chavua ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu. Hukwama puani, ndipo mtu hupiga chafya na macho kumwasha, yakaishia hapo. Lakini chembe ya raigrasi ikilowa maji ya mvua huvimba na kupasuka, na wataalamu wa Melbourne walionyesha mwaka 1992 kwamba chembe moja hutoa vipande vya wanga kama 700, vidogo sana, navyo hubeba ile sumu ya nyasi inayowadhuru watu wenye mzio. Vipande hivyo hupita pua na koo, huingia mpaka ndani kabisa ya kifua. Dhoruba hunyonya chavua juu katika mawingu yenye unyevu, huivunja, kisha upepo wa baridi unaoshuka huirudisha chini na kuitandaza usoni mwa watu kabla tone la kwanza halijaanguka.

Hapa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Siku ile hesabu ya chavua ilikuwapo! Chuo Kikuu cha Melbourne kilikuwa kikihesabu chavua ya nyasi kwa miaka mingi, na hesabu ya siku ile ilipita chembe 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kiasi wanachokiita cha kupita kiasi. Utabiri wa dhoruba nao ulikuwapo. Tena jambo lenyewe halikuwa geni: mji ule ulikuwa umekwisha kupata pumu ya radi mwaka 1987, na tena 2010. Karatasi moja ilisema chavua ni nyingi, karatasi nyingine ilisema dhoruba yaja, wala hapakuwa na utaratibu wa kuzisoma mbili pamoja na kuwaambia watu: leo jioni kaeni ndani, fungeni madirisha, wekeni dawa ya kuvuta karibu.

Mimi ni karani. Najua jinsi karatasi mbili zinavyoweza kulala katika makabati mawili ya chumba kimoja.

Mwaka uliofuata, 2017, serikali ya jimbo lile la Victoria ilianzisha utaratibu huo. Sasa kila mwaka, toka tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba, idara ya afya, idara ya hali ya hewa na wahesabu wa chavua hufanya kazi pamoja, na watu huambiwa siku hadi siku kama hatari ya pumu ya radi ni ndogo, ya kadiri au kubwa. Uingereza nayo idara ya hali ya hewa hutangaza chavua kila mwaka toka Machi hadi Septemba, kama sisi tunavyotangaziwa mvua.

Chombo chenyewe cha kuhesabia kina habari itakayowapendeza wakulima. Hakikutoka kwa madaktari. Kilitengenezwa na John Hirst, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, naye alikieleza mwaka 1952. Hirst alitaka kunasa mbegu za ukungu zinazoruka hewani, zile ziletazo magonjwa kama baridi ya viazi. Chombo hunyonya hewa lita 10 kwa dakika kupitia tundu jembamba, na nyuma ya tundu kuna kioo chenye mafuta kinachosogea milimita mbili kila saa. Kwa hiyo ukikitazama kioo baadaye kwa hadubini, huoni tu ni chembe ngapi zilizopita, bali waona na saa zilizopita. Leo vyombo vya namna hiyo viko juu ya mapaa katika miji mingi ya dunia. Mtu hupanda ngazi, hutoa kanda, huipeleka chumbani, huketi na kuhesabu: nyasi, mti huu, mti ule. Kazi ya kuchosha macho, ya kila siku, na mtu akiacha siku mbili hesabu yote ina pengo.

Kazi hiyo naifahamu kwa sababu naifanya, kwa kadiri yangu. Nyuma ya ofisi yetu kuna kipima mvua, na kila siku saa tatu asubuhi nakwenda kusoma maji na kuandika katika daftari, hata Jumapili. Miaka mitatu iliyopita niliongeza safu moja katika daftari. Ndani yake naandika ni malisho gani yaliyochanua karibu nasi, na siku gani kifua changu kilibana. Nilifanya hivyo kwa hasira, nasema kweli. Nilipokuwa kijana zahanati moja ilinipa dawa za malaria karibu kila baada ya mvua ndefu, miaka mitatu mfululizo, hali sikuwa na joto mwilini. Niliona afadhali nijiandikie mwenyewe.

Daftari ya mtu mmoja si elimu, wala sitaki mtu aseme karani amegundua jambo. Lakini nimeona kwamba siku zangu mbaya hazikutawanyika ovyo mwaka mzima. Hukusanyika pamoja, majuma machache baada ya mvua kupungua, wakati malisho ya jirani yanapobadilika rangi na kuwa kama ya zambarau kwa juu. Sasa siku hizo zikikaribia naweka dawa mfukoni na kuhamisha meza mbali na dirisha. Huo nao ni utabiri, ingawa ni wa mtu mmoja na meza moja.

Kwa maoni yangu, miji yetu inayozungukwa na malisho, kama Nakuru, Eldoret na hata Nairobi yenyewe, yafaa iwe na utabiri wa chavua, utangazwe redioni pamoja na habari za mvua. Habari za mvua nazisikia kila jioni. Za chavua sijazisikia hata mara moja. Na nasema zaidi: utabiri huo ukianzishwa, usikae juu ya paa la mjini peke yake. Chombo cha paa husema yaliyokwisha kupita. Mtu anayejua yatakayokuja ni yule mwenye malisho, aonaye masuke yakitoka juma moja kabla ya unga kumwagika. Maafisa wa kilimo wa mashambani huandika tayari hali ya mahindi na malisho katika taarifa zao. Neno moja la "nyasi zimeanza kuchanua", lenye tarehe, halitamchosha mtu.

Wengine wataniambia mjini kuna moshi wa magari na vumbi la barabara, kwa nini nilaumu nyasi. Ni kweli, moshi ni mbaya kwa kifua, nao upigwe vita. Hauondoi habari ya nyasi.

Lililo gumu zaidi ni lile aliloniambia mzee nilipomweleza haya. Nilimwambia nyasi zikikatwa kabla ya maua kufunguka, chavua haipati nafasi ya kuruka. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, nikikata wakati huo nitapoteza marobota." Hapo ndipo wengi wetu tumesimama, hasa sasa ambapo mashamba yaliyogawanywa toka 1962 yamegawanywa tena kwa watoto na wajukuu, na mtu mwenye ekari tatu huhesabu kila robota. Mnunuzi naye hulipa kwa robota, hatazami ndani. Kwa hiyo nyasi huachwa zirefuke, zichanue, zikomae, mpaka shina liwe gumu kama fito.

Lakini Bwana Shamba amekwisha kutuambia mara nyingi, nami nimechapa barua zake kwa mashine hii: nyasi ikichanua, nguvu yake huhama kwenda kwenye mbegu, shina hugeuka kuwa mti, na ng'ombe wa gredi hutafuna kutwa nzima pasipo kuongeza maziwa. Robota kumi za nyasi iliyokatwa mapema, masuke yakianza tu kutoka, zamfaa ng'ombe kuliko robota nyingi za majani makavu ya nyasi iliyozeeka. Mwenye nepia hahitaji kuambiwa; huikata ikifika kama mita moja, haingoji maua. Kwa nini mwenye Boma Rhodes au raigrasi angoje? Mkulima anayelisha ng'ombe wake mwenyewe hapotezi kitu kwa kukata mapema, hata kama hajali kifua cha mtu yeyote. Anayepoteza ni yule auzaye kwa robota, na hilo ni jambo la bei. Vyama vyetu vya ushirika vingeweza kulirekebisha, vikiamua kulipa zaidi kwa nyasi changa. Nimeuliza mara mbili katika mkutano. Nitauliza tena.

Wapo wanaokuza mbegu za nyasi kwa kuuza. Hao hapana budi waache zichanue, la sivyo hawana mazao. Kwao nasema wawaambie majirani tu, hasa wenye mtoto wa pumu.

Na mwenye mtoto wa pumu, au mwenye kupiga chafya kila mwaka majira yale yale, asijidanganye kwamba ni mafua tu. Aende kwa daktari, aeleze majira yenyewe, aulize kama kifua nacho kimeguswa, na akipewa dawa ya kuvuta ya kila siku asiiache kwa sababu leo yu mzima. Malisho yakiwa yamechanua, naye akaona wingu jeusi la radi laja na ule upepo wa baridi umeanza, aingie ndani na kufunga madirisha mpaka upite. Nguo za kwenye kamba mtu mwingine atazianua.

Mzee alirudi Ijumaa. Alisema ameamua kukata nusu ya malisho yake juma hili na nusu aiache kama desturi, aone mwenyewe maziwa yatakuwaje. Nikamwomba aniletee tarehe ya masuke ya ile nusu ya pili. Akakubali, kwa sharti nisimwandike yeye kuwa ndiye aliyenipigisha chafya. Daftari iko mezani karibu na mlango, safu ya nne ndiyo ya nyasi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mkulima yeyote apitaye ofisini aweza kuandika jina la nyasi na siku aliyoiona ikichanua.